Ki-67, PHH3, PCNA, MCM2 au kuhesabu mitosisi tu: ipi ikufae kupima kasi ya kansa?

Kansa imeshathibitishwa, sasa swali linalofuata ni inakua kwa kasi gani, na hapo ndo unakutana na majina manne matano ya protini na kila moja inasemwa inaonyesha seli zinazogawanyika. Mwanafunzi anaandika utafiti hajui achukue ipi, mtu wa maabara kaambiwa aagize antibodi moja (kitu kinachoshikamana na protini fulani ili ionekane kwa rangi kwenye slaidi) maana hela haitoshi zote, na mgonjwa kashika ripoti imeandikwa Ki-67 22% anajiuliza hiyo ni nyingi au ni kidogo. Naandika kwa ajili ya hao wote watatu. Na tuelewane mapema kabisa, hizi protini hazijibu swali moja, kila moja ina swali lake, kwa hiyo ukikosea swali hata antibodi ya bei mbaya haitakuokoa.

Turudi kidogo kwenye mzunguko wa seli maana bila huo huwezi kulinganisha chochote. Seli iliyotulia, isiyo na mpango wa kugawanyika, iko kwenye hatua inayoitwa G0. Ikiamka inaingia G1 inajiandaa, inaenda S inanakili DNA, inapita G2 inajikagua, halafu M ambayo ndo mitosisi yenyewe, kromosomu zinavutwa pande mbili na seli inakatika. Kwa seli zinazokuzwa maabara mzunguko mzima unachukua kama saa 24 hivi na mitosisi ni kama saa 1 tu kati ya hizo. Tofauti hiyo ndo inaeleza karibu kila kitu kitakachofuata hapa chini: kipimo kinachoshika mzunguko mzima kitakupa asilimia kubwa, kinachoshika M peke yake kitakupa vijinamba vidogo, na vyote viwili vikawa vinasema kweli kuhusu uvimbe uleule.

Halafu jambo ambalo watu wengi hulisahau: kugawanyika sio kansa. Tonsili, ukuta wa ndani wa utumbo, uboho wa mifupa, huko seli zinagawanyika kila siku na mtu ni mzima wa afya. Ndo maana tonsili yenyewe inatumika kama kontroli ya kuangalia kama rangi ya Ki-67 imekubali. Hivi vipimo vinasaidia kukadiria tabia ya kansa ambayo tayari imetambuliwa kwa njia nyingine, basi.

Vigezo nitakavyotumia

Kila kipimo nitakiuliza mambo yaleyale. Kinashika hatua ipi ya mzunguko. Kinavumilia vipi nyama (kipande kilichokatwa kwa mgonjwa) iliyocheleweshwa kuwekwa formalini, dawa ya kuitunza isiharibike, au kukaa humo muda mrefu. Watu wawili wakihesabu slaidi moja watakaribiana au watapishana. Kuna namba zilizokubalika za kufanyia maamuzi au kila mtu anajipangia. Halafu kinamfaa nani. Vingine vitapata maneno mengi kuliko vingine, sio upendeleo, ni kwamba vina mengi ya kusema.

Ki-67

*Inachoshika.* Hii inaonekana G1, S, G2 na M, na haionekani G0. Kwa lugha rahisi inakuonyesha seli zote zilizoko barabarani, bila kukwambia ipi imefika wapi. Antibodi yake ya kwanza ilitangazwa 1983 na kina Gerdes huko Kiel, Ujerumani, jina lenyewe ni Kiel na namba ya kisima kwenye sahani ya maabara. Kwa miaka mingi ilitumika bila watu kuelewa protini inafanya kazi gani, mpaka 2016 ilipoonyeshwa kwamba wakati wa mitosisi inafunika uso wa kromosomu na kuzizuia zisigandane, inafanya kazi kama sabuni inavyotenganisha matone ya mafuta. Kitu kingine ambacho nakisisitiza, kiasi cha Ki-67 ndani ya seli kinapanda na kushuka, seli ikichelewa kwenye G1 kinapungua kidogo kidogo, kwa hiyo ile picha ya imewaka au imezima ni kurahisisha mambo.

*Uvumilivu.* Antibodi ya mwanzo ilihitaji nyama iliyogandishwa, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilipokuja MIB-1 inayofanya kazi kwenye nyama ya formalini na parafini (nta inayogandishiwa nyama ili ikatwe) baada ya slaidi kuchemshwa kwenye maji ya bafa. Hapo ndo ikasambaa dunia nzima. Lakini sio chuma, nyama ikikaa nje muda mrefu kabla ya formalini namba inashuka, asidi ya kulainisha mfupa inaiharibu, na slaidi zilizokatwa zikakaa wiki nyingi bila kupakwa rangi zinapoteza nguvu.

*Kuhesabu.* Hapa ndo penye kazi na nataka nikae kidogo. Chukua uvimbe wa nyuroendokraini wa kongosho, yaani unaotokana na seli zinazotoa homoni. Mwongozo wa WHO unagawa gredi, yaani daraja la ukali: chini ya 3% ni gredi 1, 3 mpaka 20% ni gredi 2, zaidi ya 20% ni gredi 3, na uhesabu angalau seli 500 kwenye eneo lenye rangi nyingi zaidi. Sasa kaa kwenye maikroskopu, viini vya kahawia hivi vimewaka, viini vya bluu hivi havijawaka, umehesabu 500 umepata 14 vya kahawia, hiyo ni 2.8%, gredi 1. Mwenzako kahesabu eneo hilohilo kapata 16, hiyo ni 3.2%, gredi 2. Mmepishana seli mbili tu, na inawezekana kabisa zile mbili ni limfosaiti (seli za kinga) zilizopenya katikati ya uvimbe, kiini kidogo cha duara kimewaka kahawia na hakihusiki na kansa hata kidogo. Gredi ya mgonjwa imebadilika kwa sababu ya hizo mbili. Ndo maana inashauriwa kupiga picha ya eneo, kuiprinti, na kukata alama kila kiini kinachohesabiwa, maana kukadiria kwa jicho karibu na mstari wa mpaka ni hatari.

Kwenye titi utaratibu mwingine kabisa, huko kikundi cha kimataifa cha Ki-67 kinapendelea kuhesabu kwa kuzunguka uvimbe wote badala ya kukimbilia eneo lililowaka zaidi, na ukolevu wa rangi haujalishi, ikiwa kahawia hafifu inahesabiwa, ilimradi ni seli ya kansa vamizi. Kwa hiyo mtu akikwambia namba bila kukwambia kahesabu wapi, hajakwambia kitu.

*Viwango.* Inayo kuliko zote, ila vimehamahama. Kwa kansa ya titi yenye vipokezi vya homoni na isiyo na protini ya HER2 kwa wingi, mkutano wa wataalamu wa kansa ya titi wa St Gallen wa 2011 ulitumia 14%, 2013 wakasogea kwenye 20%. Mwaka 2021 kile kikundi cha kimataifa kikasema jambo la kweli ambalo wengi walikuwa wanalijua: 5% kushuka chini au 30% kupanda juu unaweza kuitegemea kusaidia uamuzi wa kemo kwa uvimbe wa hatua za mwanzo, hapo katikati maabara zinapishana mno. Hata Marekani, mamlaka ya dawa FDA ilipitisha dawa ya abemaciclib Oktoba 2021 kwa sharti la Ki-67 kuanzia 20% kwa wagonjwa wa hatari kubwa, Machi 2023 sharti hilo likaondolewa. Kwenye limfoma (kansa ya seli za kinga) ya Burkitt karibu seli zote zinawaka, hiyo ni dalili nzito ila sio uthibitisho, maana limfoma nyingine kali nazo zinaweza kupanda sana.

*Inamfaa nani.* Anayehitaji picha ya jumla ya kasi, anayefanya kazi na titi, nyuroendokraini au limfoma, na sana sana aliyeletewa kibiopsi kidogo kilichopondeka cha pafu. Hapo mitosisi huzioni, seli zimebanwa zimekuwa kama wino uliomwagika, lakini Ki-67 inakutenganishia kansa ya seli ndogo ambayo huwa juu ya 50% na kasinoidi, uvimbe wa nyuroendokraini unaokua polepole, ambayo huwa chini sana. Kumpa kemo kali mtu mwenye kasinoidi ni kumuumiza bure, kwa hiyo hapa hii rangi inastahili heshima yake.

PHH3

*Inachoshika.* Histoni H3 ni protini ambayo DNA imejizungushia. Seli ikikaribia mitosisi kimeng'enya Aurora B kinaiwekea fosfeti kwenye serini namba 10, inaanza mwishoni mwa G2, inafika kilele kromosomu zikiwa zimejipanga katikati, halafu inaondolewa seli ikimalizia kugawanyika. PHH3 ndo hiyo histoni yenye fosfeti, kwa hiyo ni ya M na kipande cha mwisho cha G2, sio zaidi.

*Uvumilivu.* Fosfeti ni kitu cha kupotea. Nyama ikicheleweshwa kuingia formalini vimeng'enya vinaendelea na kazi yao na alama inafutika, kwa hiyo kama nyama zinazoletwa kwako zinatoka mbali na zimechelewa usishangae slaidi kuwa tupu.

*Kuhesabu.* Raha yake ipo hapa. Kwenye slaidi ya kawaida seli inayokufa, kiini kimesinyaa na kukolea, inafanana sana na mitosisi na watu wanabishana. PHH3 kwa kawaida haiwaki kwenye kiini kilichosinyaa, inawaka kwenye mitosisi halisi, na inaonekana hata ukiwa umekuza kidogo tu, jicho linaelekezwa moja kwa moja. Watu wawili wanakaribiana zaidi. Tahadhari ni vidoti hafifu vya G2, hivyo usihesabu, hesabu kile kilichojikusanya na kuwa na umbo la mitosisi.

*Viwango.* Hapa ndo watu wanajikwaa. Namba za miongozo zilitengenezwa kwa slaidi ya kawaida ya rangi za hematoksilini na eosini, yaani H&E, na PHH3 mara nyingi inatoa namba kubwa zaidi kwa sababu inakuonyesha mitosisi ambazo jicho lingezipita. Meninjioma (uvimbe wa utando wa ubongo) kwa mfano, mitosisi 4 mpaka 19 kwenye maeneo 10 ya ukuzaji mkubwa ni gredi 2, na 20 kwenda juu ni gredi 3. Ukichukua hesabu ya PHH3 ukaibandika moja kwa moja kwenye mizani hiyo unaweza kumpandisha mtu gredi bila haki. Itumie ikuonyeshe pa kwenda, ukifika hapo thibitisha kwenye H&E.

*Inamfaa nani.* Mwenye meninjioma au melanoma (kansa ya ngozi) ambayo mitosisi ni chache na zimejificha, na daktari wa patholojia anayetaka kumaliza ubishi wa hii ni mitosisi au ni seli imekufa.

PCNA

*Inachoshika.* Pete ya vipande vitatu vinavyofanana inayovaa DNA na kumshikilia DNA polimerasi, kimeng'enya kinachonakili, asidondoke wakati wa kunakili. Inapanda kuelekea S. Ilijulikana 1978 kupitia damu ya wagonjwa wa lupasi ambao miili yao ilikuwa inatengeneza antibodi dhidi yake. Shida ni mbili, moja inatumika pia kukarabati DNA iliyoharibika kwa hiyo seli isiyogawanyika inaweza kuwaka, mbili inachelewa kuondoka, seli imeshamaliza mzunguko na rangi bado ipo.

*Uvumilivu na kuhesabu.* Naviweka pamoja maana vimeshikana. Matokeo yanategemea sana muda wa formalini, ikikaa sana rangi inafifia, na viini vinatoka na viwango tofautitofauti vya ukolevu, kahawia nzito, ya kati, hafifu, halafu kila mtu anaweka mpaka wake. Ukisoma tafiti za zamani zinazopishana vibaya kuhusu PCNA, sababu kubwa mara nyingi ni hii.

*Viwango.* Hakuna mwongozo mkubwa wa kansa unaokutaka utoe PCNA kwenye ripoti ya mgonjwa.

*Inamfaa nani.* Usiidharau kwa hayo. Hii protini imebaki karibu ileile kwa viumbe wengi, kwa hiyo antibodi moja inafanya kazi kwa panya, mbwa, samaki, wakati MIB-1 haikubali vizuri kwa panya na inabidi utafute antibodi nyingine ya Ki-67. Kwa mtu wa mifugo au wa utafiti wa wanyama bado ni chaguo lenye maana, ilimradi alinganishe nyama zilizotunzwa kwa namna moja.

MCM2

*Inachoshika.* MCM2 mpaka 7 ni protini sita zinazojiunga kuwa pete ya kufungua DNA. Zinapakiwa kwenye DNA ndani ya G1, kabla kunakili hakujaanza, kwa hiyo MCM2 inashika seli zinazogawanyika pamoja na zile zilizopewa ruhusa zikawa bado hazijaanza. Asilimia yake mara nyingi iko juu ya Ki-67 kwenye nyama ileile, na hilo sio kosa la rangi, ni kundi pana zaidi.

*Uvumilivu.* Inafanya kazi vizuri kwenye formalini na parafini baada ya kuchemshwa, na hata kwenye seli zilizochukuliwa kwa brashi.

*Kuhesabu.* Kiini kinawaka vizuri, mwanga na giza vimeachana. Uzuri wake unaonekana zaidi kwenye ngozi laini za tabaka tabaka kama mdomo na shingo ya kizazi: kwa nyama yenye afya seli zinazowaka zinabaki tabaka la chini, seli zikianza kuharibika kuelekea kansa unaziona zinawaka mpaka juu kabisa. Hapo huhitaji hata asilimia, mahali peke yake panaongea.

*Viwango.* Haina mpaka uliokubalika kimataifa wa kuamua tiba. *Inamfaa nani:* anayechunguza mabadiliko ya kabla ya kansa, na mtafiti anayetaka kujua ni seli ngapi ziko tayari. Ukiweka MCM2 na Ki-67 kwenye uvimbe mmoja, ile tofauti kati yao inakupa taarifa ambayo moja peke yake haikupi.

Mitosisi za kuhesabu kwa jicho

Sio protini, lakini kuiacha nje ni kumnyima msomaji chaguo la bei ndogo kuliko yote. *Inachoshika* ni M tu. *Uvumilivu* ni mdogo, nyama ikichelewa mitosisi zinapungua na zilizobaki zinaharibika umbo. *Kuhesabu* kuna mtego wa maikroskopu yenyewe, eneo moja la ukuzaji mkubwa kwenye mashine hii sio sawa na la mashine ile, ndo maana siku hizi miongozo inataka milimita za mraba. *Viwango* inavyo vya uhakika: ni moja ya nguzo tatu za gredi ya Nottingham ya titi, uvimbe wa GIST (wa ukuta wa tumbo na utumbo) unahesabiwa kwa milimita za mraba 5 na mpaka ni mitosisi 5, kasinoidi za pafu zinagawanywa kwa mitosisi na seli zilizokufa, sio kwa Ki-67. Kwenye melanoma ilikuwemo kwenye kuamua hatua ya T1 (uvimbe mwembamba) toleo la 7 la mwongozo wa hatua za kansa wa AJCC wa Marekani, toleo la 8 likaiondoa hapo. *Inamfaa* kila mwenye slaidi nzuri ya H&E na jicho lililozoea, na ambaye uvimbe wake una mwongozo unaoitaja.

Sasa uchague vipi

Kama ni titi lenye vipokezi vya homoni, hatua za mwanzo, na mnabishana kuhusu kemo, Ki-67 itasaidia ikiwa chini kabisa au juu kabisa. Ikianguka katikati, 15% au 22%, msiibebeshe uamuzi, angalieni gredi, ukubwa, tezi za kwapa, na kipimo cha jeni kama kinapatikana. Na kama mgonjwa anaanza dawa za homoni kabla ya upasuaji, kurudia Ki-67 baada ya wiki 2 hivi kunaonyesha uvimbe umeitikia au la, utafiti wa POETIC wa Uingereza ulifuata wanawake zaidi ya 4,000 kuhusu hili.

Nyuroendokraini ya utumbo au kongosho, fanya Ki-67 na mitosisi zote mbili, zikipishana gredi unachukua ile ya juu. GIST au kasinoidi ya pafu iliyotolewa nzima, anza na mitosisi, Ki-67 iwe ya nyongeza. Meninjioma yenye utata, weka PHH3 kukuongoza. Kipimo cha shingo ya kizazi ambacho hakieleweki, kuna rangi mbili kwa pamoja za p16 (protini nyingine) na Ki-67, seli moja ikibeba zote mbili ni ishara ya kufuatilia, na MCM2 nayo ina nafasi kwenye nyama ya eneo hilo.

Utafiti wa panya, PCNA au Ki-67 yenye antibodi inayomtambua panya, na kama mnyama bado yuko hai unaweza kumchoma kemikali ya BrdU ikaingia kwenye DNA inayonakiliwa, hiyo inakupa S yenyewe.

Maabara inayoanza na uwezo wa antibodi moja tu, angalia kwanza nyama gani zinakuja kwa wingi. Ikiwa ni titi na limfoma Ki-67 italipa mapema, ikiwa ni uvimbe wa ubongo PHH3 inaweza kuwa na kazi zaidi. Ila kabla ya kuagiza chochote pima muda kutoka nyama ilipokatwa mpaka ilipoingia formalini. Kwa titi lengo ni isizidi saa 1, na ikae humo kati ya saa 6 na 72. Kama hilo halijakaa sawa hela ya antibodi itaenda bure, na anayeumia ni mgonjwa ambaye atapewa namba ndogo kuliko ukweli.

Na wewe mwenye ripoti mkononi, usilinganishe 22% yako na 12% ya mtu mwingine, hasa kama kansa ni tofauti au maabara ni tofauti. Namba kubwa pia sio hukumu, baadhi ya kansa zinazogawanyika kwa kasi sana, Burkitt ikiwemo, ndo zinazoitikia kemo vizuri. Muulize daktari wako mambo manne: walitumia kipimo gani, walihesabu eneo gani la uvimbe, seli ngapi, na kwa aina ya kansa yangu hii namba inabadilisha tiba au haibadilishi. Akikujibu haibadilishi, muulize basi ni kitu gani kwenye ripoti ndo kinachoamua, mkae mzungumze hicho.